Istikhara Si Kusubiri Ndoto

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Tunamshukuru Yeye (S.W.) aliyetufikisha Ijumaa nyingine tukiwa hai, katika mji ambao kufika Ijumaa si jambo dogo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

 

Karatasi ya leo naiandika kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miezi kadhaa iliyopita alinijia binti mmoja wa jamaa yetu hapa Beni, baada ya swala ya Alasiri, akiwa na shangazi yake. Alikuwa amemaliza masomo ya sekondari na kufaulu mtihani wa taifa. Akaniambia: “Shehe, nataka kwenda Butembo kusomea uuguzi, lakini naogopa.” Nikamuuliza anaogopa nini. Akataja mambo mengi, moja baada ya jingine. Baba yake ni mkimbizi, shamba lake la kakao liko upande wa Eringeti na hajui kama mwaka huu atavuna au hatavuna. Pesa za kuanzia zipo, za mwaka wa pili hazijulikani zitatoka wapi. Barabara ni ile mnayoijua. Halafu akainamisha kichwa akasema lile kubwa zaidi: “Na kama nikifeli, nitarudi vipi mtaani kwetu?”

Mimi nikamjibu kama tulivyozoea kujibu sisi watu wa msikiti. Nikamwambia: “Binti yangu, swali istikhara, kisha subiri.” Akaenda. Akaswali. Akasubiri. Baada ya siku arobaini akarudi, amekonda, akasema hajaota kitu chochote, na kwamba siku za kujiandikisha chuoni zilikuwa zinakaribia kwisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimempa mtoto wa watu swala iwe kufuli ya mlango wake.

Ndugu yangu, tuitazame istikhara yenyewe ilivyofundishwa. Sahaba Jabir bin Abdillahi (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yao yote kama alivyowafundisha sura za Qur’ani. Na maana ya mafundisho hayo ni kwamba mtu akishalikusudia jambo, ndipo aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, amwombe Mola wake amfanyie wepesi jambo hilo kama lina heri, na kama lina shari aliepushe naye. Angalia vizuri: akishalikusudia! Kwanza ni kukusudia, kisha ni swala, kisha ni kwenda. Katika mafundisho hayo hakuna ndoto. Hakuna rangi ya kijani wala nyeupe usingizini. Anayeomba njia ifunguliwe au ifungwe ni mtu anayetembea, maana mtu aliyelala kitandani hata njia ikifungwa hatajua.

Mimi haya niliyasoma chuoni tangu utoto, na bado nilimjibu yule binti vile. Kwa nini? Kwa sababu na mimi niliwahi kufanyiwa hivyo hivyo. Nikiwa kijana nilipata nafasi ya kuvuka mpaka wa Kasindi kwenda kusoma zaidi Uganda. Nikaogopa. Sikusema naogopa, nilisema naswali. Usiku mmoja nikaota ng’ombe amesimama mlangoni. Mzee wa kwanza akaniambia ng’ombe ni riziki, nenda. Wa pili akasema ng’ombe amekuzibia mlango, usiende. Wa tatu akaniuliza nilikula nini usiku ule. (Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa mwanachuoni, lakini wakati ule nilimwona hana adabu.) Nilipokuwa bado nazunguka na ng’ombe wangu, nafasi ile akapewa mwingine. Sisemi kwamba ningekwenda ningekuwa mtu mkubwa, hilo ni la ghaibu. Nasema tu kwamba sikukataa wala sikukubali, na mpaka leo ningependa niwe nimefanya mojawapo.

Basi kuna hofu inayovaa kanzu. Ukiiona barabarani unaiamkia, unadhani ni uchamungu. Inasema tawakkul, inasema kadari, inasema subira. Ukiivua kanzu unakuta chini yake neno moja tu: watu watasema nini. Nimekaa na vijana wengi wa mji huu. Yule anayetaka kufungua duka la kushona, yule anayetaka kurudia mtihani mara ya pili, yule anayetaka kuacha kuendesha pikipiki ya mtu ili ajifunze kuunganisha umeme. Wachache sana wanaogopa njaa, maana njaa wanaijua. Wanachoogopa ni kucheka kwa mtaa. Na mtaa wetu unacheka kweli, tusidanganyane. Mtu akifunga duka baada ya miezi sita, kwenye kahawa anazungumzwa wiki nzima. Wewe unayesoma karatasi hii, jiulize ni mara ngapi ulikuwa mmoja wa wanaocheka. Kuna watoto ambao hawakuthubutu kwa sababu yako, na wewe hata hujui majina yao.

Sasa hebu tukumbushane bibi yetu Hajar, mama yake Ismail (A.S.). Aliachwa bondeni na mtoto mchanga, maji yakamwishia. Akapanda kilima cha Safa akatazama, hakuona mtu. Akashuka, akakimbia, akapanda Marwa, hakuona mtu. Akarudi. Mara saba! Na mara zote saba hakupata kitu kule juu ya vilima. Maji yalipotoka yalitoka upande mwingine, pale alipokuwa mtoto. Mtu wa mtaani kwetu angesema mbio zile zote zilikuwa bure. Lakini mpaka leo Waislamu wa dunia nzima, tajiri na maskini, mwenye umri na kijana, wakifika Makka wanakimbia mbio zilezile za mwanamke ambaye, kwa hesabu za kibinadamu, alishindwa mara saba. Hatukuamrishwa kukaa pale maji yalipotokea tukasubiri. Tumeamrishwa sai.

Wapo watakaosema hayo ni ya mitume na watu wa zamani. Haya, nitakuletea ya hapa hapa Beni, ambayo wewe uliyaona kwa macho yako.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, ikianzia Mangina, mwendo mfupi kutoka hapa. Ilimalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa, innaa lillahi. Tuliwazika kwa mikono ya wengine, wamefungwa katika mifuko. Wengi wetu tuliamini ni biashara ya wakubwa, na walikuwapo waliosema hayo hata katika mabaraza ya misikiti. Wagonjwa walifichwa majumbani. Katika siku hizo, tarehe 20 Novemba 2018, ilianzishwa katika CTE ya hapa Beni kazi ya kujaribu dawa nne, baadaye ikaenea Butembo, Katwa na Mangina. Nani alijua ipi itafaa? Hakuna. Ndiyo sababu wagonjwa waligawanywa kwa kura, huyu dawa hii na huyu ile, ili ukweli ujulikane. Ile iliyotegemewa zaidi tangu mwanzo, ndiyo ikafanywa kipimo cha nyingine, iliitwa ZMapp. Mwezi wa Agosti 2019 hesabu ilipofanyika, ZMapp ilikuwa imeshindwa na dawa mbili nyingine. Karibu nusu ya waliopewa ZMapp walifariki, na kwa zile mbili ni karibu mtu mmoja katika watatu. Na waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, wakapewa mojawapo ya zile mbili, walipona karibu tisa katika kumi.

Moja ya dawa mbili hizo, inayoitwa mAb114, ina habari ndefu, nayo ni habari ya mtoto wa nchi hii. Mnamjua Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976, akiwa daktari kijana, alitumwa Yambuku kwenye ugonjwa ambao haukuwa hata na jina. Alipima wagonjwa na kuwatoa damu kwa mikono mitupu, bila glavu, na Mungu akamwokoa. Mwaka 1995 ugonjwa ukazuka Kikwit. Akawaza: aliyepona, damu yake si inajua namna ya kupigana? Yeye na wenzake wakachukua damu ya waliopona wakawawekea wagonjwa 8, na 7 kati yao wakapona. Furaha kubwa, sivyo? Wataalamu wa nje wakatia shaka, wakasema huenda wangepona hata bila hiyo damu, hapakuwa na wa kulinganisha nao. Na kwa haki, shaka yao haikuwa ya kipumbavu. Angeweza kununa akaacha. Hakuacha. Miaka ikapita, na kutoka kwa mtu mmoja aliyepona pale Kikwit watafiti wakachukua damu, wakapata ndani yake ile kinga iliyofanywa kuwa mAb114. Ikajaribiwa hapa Beni. Tangu mgonjwa wa Kikwit mpaka majibu ya 2019 ni miaka 24. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameshaweza kuwa baba.

Najua kuna atakayesema: imamu, huyo si Muislamu, kwa nini unamleta katika karatasi ya Ijumaa? Ndugu yangu, dawa ilipoingia mwilini mwa wagonjwa wetu haikuuliza nani anaswali wapi. Hekima tunaiokota popote tunapoikuta.

Na kuna jambo jingine hapo ambalo sipendi tulipite haraka. Dawa mbili nyingine hazikufaulu kama zile. Watu waliozitengeneza nao walikesha, nao walitumaini. Je, kazi yao ilikuwa bure? Bila wao tusingejua ipi iachwe. Sitaki nikudanganye, ewe kijana, kwamba kila anayejaribu hufaulu. Waalimu wa siku hizi wanaopita na vipaza sauti wakisema ukiamini tu utapata, nawaogopa kidogo. Unaweza kuamini, ukaswali, ukafanya kazi kwa uaminifu, na jambo lisiwe. Malipo ya nia yako na jasho lako yako kwa Mola wako, hayapotei. Duka lenyewe linaweza kupotea.

Kwa hiyo tahadhari ni sehemu ya dini. Mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake, amfunge kisha ategemee, au amwache na kutegemea. Akaelekezwa amfunge kwanza. Sayyidna Umar (R.A.), mwaka wa 18 wa Hijra, alikuwa njiani kwenda Sham na watu wake, akapata habari kwamba kuna tauni. Aliwaita muhajirina akawauliza, akawaita ansari, akawaita wazee wa Kikuraishi, kisha akageuza safari. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari. Umar akamfahamisha kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kuingia nyingine, akampa mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, moja lina majani na jingine kavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Unaona? Mtu aliyekuwa shujaa kuliko sisi sote aliuliza watu wa makundi matatu, kisha akarudi nyuma, na haikuwa aibu. Huyo aliyerudi hakuwa amelala. Alikuwa amekusudia, amefunga safari, amepata habari ya kweli, ameamua.

Ndiyo tofauti ninayotaka uielewe. Mkulima anayekataa kwenda shambani wiki hii kwa sababu jana watu wameuawa njia ileile, huyo ana habari. Tangu Oktoba 2014 tumezika wengi mno katika eneo hili la Beni, na mimi sitamwambia mtu atie roho yake hatarini halafu aiite tawakkul. Lakini anayekataa kujifunza kazi kwa sababu “huenda haitafaa”, huyo hana habari yoyote, ana uvumi wa moyo wake tu. Wa kwanza anarudi kama Umar. Wa pili hajawahi hata kufunga safari.

Waulize wazee wetu wa kakao. Ugonjwa ulipokausha kahawa yetu, mibuni mizima ikafa imesimama. Watu waliing’oa wakachoma kuni. Kisha ikaja miche ya kakao katika vifuko vya plastiki. Wengi walisema: nani hapa anakula kakao? Na mti wenyewe unataka miaka mitatu au minne kabla ya kukupa kitu, tena utotoni unataka kivuli cha migomba. Waliothubutu hawakung’oa shamba lote siku moja. Walianza na kipande, chini ya migomba yao wenyewe, wakiendelea kula ndizi na muhogo wakati wanasubiri. Ndivyo mji huu ulivyokuja kuwa mji wa kakao. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, watu wakadhani haitashuka tena, wakakopa juu ya mavuno yasiyokuwapo. Mwaka 2025 ikaporomoka. Hiyo nayo mwiweke akilini: kukopa juu ya maua ya mti si ujasiri.

Kadhalika wafanyabiashara wa Butembo, ambao tunawasifu sana na kuwaonea wivu zaidi. Waliofungua njia ya Dubai na ya nchi za Mashariki hawakuwa wote na mitaji mikubwa. Waliungana, wakagawana nafasi katika kontena moja, aliyesafiri akawanunulia na wenzake. Hasara ikija inagawanyika, hakuna anayefilisika peke yake. Hiyo si mbali na Abdurrahman bin Auf (R.A.), aliyefika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii (R.A.) akataka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akamwomba amwonyeshe soko liko wapi. Jioni akarudi na jibini na samli kidogo. Hakuanza na misafara. Alianza na samli.

Nirudi kwa binti yetu. Nilimwomba radhi mbele ya shangazi yake. Kisha nikamwuliza kwa nini hasa uuguzi. Akaniambia kwamba mwaka 2018 mama yake alichukuliwa CTE, akalazwa katika kile chumba cha plastiki angavu, kile ambacho ndugu wanaweza kusimama nje wakamwona mgonjwa wao. Yeye alikuwa mtoto. Kila siku alikuja muuguzi aliyevaa vile vazi la kutisha, na kifuani ameandika jina lake kwa kalamu, na huyo muuguzi alikuwa akimwelekeza asimame upande gani ili mama amwone vizuri. Mama alipona. Tangu siku hiyo anataka jina lake liandikwe kifuani hivyo.

Ndugu msomaji, mtoto ana miaka hii yote na nia kama hiyo, na mimi nilimwambia asubiri ndoto!

Tukakaa chini na baba yake. Mzee huyo ni mtu wa maneno machache. Tulichukua daftari. Tukaandika ada ya mwaka wa kwanza, chumba, chakula, nauli za kilometa 54 za kwenda na kurudi. Tukaona kwamba akikaa kwa mama mdogo wake Butembo, chumba na chakula vinapungua. Shangazi akatoa zamu yake ya likelemba ya mwezi huo. Mwaka wa pili tuliuacha mtupu kwenye daftari, tukaandika alama ya kuuliza. Baba akaitazama ile alama muda mrefu. Kisha akasema: “Nilipanda kakao bila kujua nani atainunua. Na huyu aende.” Halafu akamgeukia binti yake akamwambia neno ambalo natamani kila baba wa mji huu angelisema: “Ukifeli, utarudi nyumbani kwako. Mlango ni uleule.”

Binti akanyanyuka kama aliyetuliwa ndoo kichwani. Mimi nilikuwa nimemtajia aya na hadithi, na hazikumwinua. Kilichomwinua ni kujua kwamba kuna mahali pa kuangukia. Enyi wazazi, kama mnataka watoto wenye ujasiri, waambieni mapema kwamba kufeli hakutawafukuza nyumbani. Na sisi wa msikitini, mtu akifunga duka, siku ile ile twende tumsalimie, tumuulize hali, tusimuulize kilichotokea.

Jumatatu asubuhi alipita kuniaga. Godoro lilikuwa limefungwa juu ya gari, mama yake ameshika mfuko wa maharagwe. Akaniuliza: “Shehe, niendelee na istikhara?” Nikamwambia aswali rakaa zake mbili pale pale msikitini, lakini azifupishe, kwa sababu dereva alikuwa ameshawasha gari.